Pikapu Iliyokalia Lami

Pikapu tupu hukaa kama mbuzi anayeteremka mlima, kichwa chini, makalio juu. Hakuna kilichoharibika. Springi za nyuma zilipimwa kiwandani kwa ajili ya siku ambayo kasha litajazwa saruji au mahindi, na mpaka siku hiyo ifike gari hutembea limeinua nyuma, likingoja mzigo wake. Mkulima halimkeri hilo. Lakini kusini mwa California, Marekani, kuna watu ambao tangu miaka ya 1940 wameuona mwinuko ule kama kasoro. Wamekata vyuma, wamevipasha moto, wamevijaza mafuta na baadaye hewa, ilimradi gari la mzigo lilale chini kuliko gari la harusi. Ukiifuata habari yao tangu mwanzo utakuta wanabishania inchi tatu nne za kimo, basi. Na kwa inchi hizo watu waliandikiwa faini kwa zaidi ya miaka 60.

Kifaa cha kwanza kilikuwa mfuko wa mchanga.

Los Angeles ya miaka ya vita haikuwa mahali pepesi kwa kijana mwenye asili ya Meksiko. Juni 1943 mabaharia wa jeshi waliingia mitaani kwa siku kadhaa wakiwasaka vijana waliovaa suti za mtindo wa zoot, koti refu lenye mabega mapana na suruali pana iliyobanwa kifundoni. Waliwapiga, wakawavua nguo hadharani, na mara nyingi polisi walipofika waliwatia pingu waliopigwa. Vita vilipokwisha askari walirudi, wengine wakiwa wamejifunza ufundi wa mitambo huko jeshini, na magari makuukuu yakawa yanapatikana kwa bei ambayo kibarua angeimudu. Vijana wa Kizungu walikuwa na wazimu wao: gari jepesi, injini kubwa, mashindano ya mbio kwenye maziwa makavu ya jangwani. Vijana wa East Los Angeles wakaelekea upande wa pili kabisa. Gari lao lilitakiwa ling'ae, liende polepole mpaka mtaa mzima uwe umelitazama, na liwe chini. Kwa Kihispania chao waliita bajito y suavecito, chini na taratibu.

Basi mfuko wa mchanga ukatiwa kwenye buti, ukafuatwa na wa pili na wa tatu, springi zikakandamizwa, nyuma ikashuka. Ni ufundi wa kuchekesha kidogo, maana unanunua petroli ya kusafirisha mchanga ambao hauuzi. Lakini ulikuwa na faida ambayo mafundi wa baadaye walihangaika sana kuipata tena: Jumapili jioni gari liko chini barabarani, na Jumatatu alfajiri unatua mifuko na gari linarudi kazini likiwa na kimo chake cha kawaida.

Baadaye zikaja njia za kudumu. Magari ambayo springi ya majani hupita chini ya ekseli yalitiwa kipande cha chuma katikati ya hivyo viwili, kikabanwa kwa yuboliti ndefu, na bodi ikashuka kwa unene wa kipande kile. Pikapu za wakati huo, mfano Chevrolet zile za mviringo zilizoanza kutoka mwaka 1947 na ambazo wapenzi wake wanaziita bomba mpaka leo, zilikuwa na ekseli nzima hata mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za majani pembe zote nne. Hizo fundi alizipunguza majani. Alifungua fungu la springi, akatoa bapa moja, mawili, akafunga tena. Aliyetaka zaidi alikwenda kwa mhunzi, ekseli ya mbele ikapashwa moto miishoni na kukunjwa, kati ikabaki chini na magurudumu yakapanda. Msomaji wa huku kwetu atakuwa ameshatabasamu, maana gereji zetu hufanya kinyume: pikapu ikinunuliwa tu inapelekwa kuongezewa majani, kwa kuwa itabeba mara mbili ya ilichoandikiwa.

Serikali ya California ikayaona magari hayo yaliyoshushwa. Kuanzia 1958 kulikuwa na sheria, iliyokuja kujulikana kwa namba ya kifungu chake, 24008, iliyokataza kuendesha gari lililobadilishwa hadi sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ukweli usemwe, kipimo hicho hakikutungwa na mjinga. Tairi likipasuka, gari hukalia rimu. Kama chesisi iko chini ya rimu, basi chesisi ndiyo itakayolima lami na stelingi haitasaidia kitu. Na pikapu haikusamehewa. California husajili pikapu kama gari la biashara, hata kama mwenyewe habebi kingine zaidi ya mke wake, na kifungu kilivyosomeka hadi mwisho wake kilitaja magari ya biashara yaliyo chini ya ratili 6,000, yaani karibu kilo 2,700. Kasoro ilikuwa kwenye mkono ulioshika kipimo. Polisi anayetaka sababu ya kumsimamisha kijana fulani wa mtaa fulani sasa alikuwa nayo, tena alihitaji kuinama tu.

Jibu lilitoka kwenye mabaki ya ndege za kivita. Ron Aguirre, kijana aliyekuwa na Corvette aliyoipa jina X-Sonic, alichoka na faini. Mwaka 1959, akisaidiwa na baba yake, alifunga kwenye gari hilo pampu na mitungi ya haidroliki, vifaa vya ndege ambavyo baada ya vita viliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Akiegesha, gari linalala. Akiona taa za polisi, anabonyeza swichi, mafuta yanasukumwa kwenye mitungi, na gari linasimama kwenye kimo halali kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Mfuko wa mchanga ulikuwa umepata mrithi: uzito wa Jumapili na wepesi wa Jumatatu, safari hii kwa kidole.

Historia ya magari yaliyoshushwa ikisimuliwa, kuanzia hapa huwa Chevrolet Impala tupu, na si bila sababu. Impala za 1958 hadi 1964 zilikuwa na chesisi yenye umbo la X, haina vyuma vya pembeni, kwa hiyo bodi ililala chini bila kizuizi. Lakini mimi naona ufundi ulio mgumu zaidi ulifanywa kwenye pikapu, na wasimuliaji wengi wanaupita mbio.

Mwaka 1960 Chevrolet ilitoa pikapu ambayo ukiambiwa ilisanifiwa na fundi wa East Los Angeles ungeamini. Toleo la nusu tani, la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, liliitwa C10. Lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne likaitwa K10. Chesisi ya C10 ilizamishwa katikati ili kibanda cha dereva kikae chini zaidi. Ile ekseli nzima ya mbele ikaondoka, kila gurudumu likawa na springi yake: kwanza nondo ndefu inayosokotwa, kisha, kuanzia 1963, springi ya koili. Nyuma nako kulikuwa na koili, zimekalia mikono miwili mirefu inayotoka kwenye ekseli na kwenda kukutana karibu katikati ya chesisi. Mtindo ule wa mikono ulikuwa mzuri kiasi kwamba magari ya mbio za NASCAR yaliuiga na kuutumia kwa miongo kadhaa, yakikimbia kilomita 300 kwa saa juu ya kitu kilichobuniwa kubebea mbolea. Ndugu yake C10, yaani GMC ya miaka ya 1967 hadi 1972, mara nyingi alibaki na majani nyuma, na anayenunua pikapu kuukuu kwa ajili ya kuishusha huchungulia chini kwanza kabla ya kuuliza bei.

Tuingie chini ya moja ya miaka hiyo. Gari liko juu ya stendi, gurudumu la mbele limetolewa. Springi imebanwa kati ya mkono wa chini na chesisi, na ndani yake kuna nguvu ya kutosha kumvunja mtu mbavu, kwa hiyo fundi anaipitisha mnyororo kabla hajagusa nati. Jeki inashikilia mkono wa chini, nati zinalegezwa, jeki inashushwa kidogokidogo huku springi ikijinyoosha na kulia. Ikifika mwisho inaanguka sakafuni, nyeusi, imejaa grisi na mchanga wa miaka 50.

Fundi wa zamani mwenye haraka hakuitoa hata. Alilala chini na moto wa gesi, akaziwasha koili mbili tatu mpaka zikawa nyekundu, na gari likazama lenyewe mbele ya macho yake. Ilikuwa kazi ya nusu saa na majuto ya mwaka mzima. Chuma cha springi hupata ukakamavu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo; ukikibabua ovyo umekirudisha kuwa waya mnene. Kushoto kunazama inchi mbili, kulia tatu, na springi inaendelea kulegea kila wiki.

Aliyejua kazi alikata. Springi yenye koili kumi ukiikata moja haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia, kwa sababu ugumu hutegemea koili zilizobaki: zikiwa tisa, unapanda kwa karibu asilimia 11. Hilo ndilo linalotakiwa, maana gari lililo chini halina nafasi ya kudundadunda. Tatizo linahamia kwenye mikono. Sasa imepinda kuelekea juu, matairi yameinamisha vichwa ndani kama watu wawili wanaonong'onezana, na yanalika upande mmoja.

Dawa iliyokuja kuwa ya kawaida ni spindeli iliyoshushwa. Spindeli ndiyo chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu mwishoni mwa mikono. Hii ya kushushia imetengenezwa na pini yake ikiwa juu zaidi kwa kama inchi mbili na nusu. Mikono inabaki ilipokuwa, springi haijui kama kuna kilichobadilika, ila gurudumu limepanda na pikapu imeshuka. Wengi wakishafika hapo hubadilisha na breki za mbele, kutoka za ngoma kwenda za diski, ambazo kiwanda chenyewe kilizifanya za kawaida kwenye pikapu hizo mwaka 1971.

Nyuma kazi inaonekana rahisi mpaka uendeshe. Koili fupi zinaingia kwa dakika chache, gari linashuka inchi nne tano, na kwenye tuta la kwanza ekseli inapiga chesisi mlio ambao abiria atauhisi kwenye meno. Haina pa kwenda. Kwa hiyo chesisi yenyewe hukatwa nusu duara juu ya ekseli, kila upande, na kuzibwa kwa kipande kinene chenye umbo la herufi C. Kisha kuna lile pau fupi linaloizuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Ncha moja imefungwa kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli, na gari likishuka pau linabadili pembe na kuivuta ekseli nzima pembeni. Ndiyo maana utaona pikapu imeshushwa vizuri, rangi safi, lakini tairi la upande mmoja linachungulia nje ya bodi na mwenzake amejificha ndani. Mwenye jicho akiliona hilo hatazami tena rangi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtindo ulikuwa umeshatoka mtaani. Jarida la Low Rider lilianzishwa San Jose mwaka 1977. Kule Whittier Boulevard, barabara ya East Los Angeles ambako misafara ya wikendi ilikuwa imegeuka desturi, polisi waliifunga njia mwaka 1979. Miji mingine ya California ikafuata kwa kutunga marufuku yake ya kuzungukazunguka na gari.

Kabla ya hapo kuku walikuwa wameshaingia kwenye hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani, na Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa kadhaa, magari madogo ya mizigo yakiwemo, kuanzia Januari 1964. Waliokusudiwa ni Wajerumani, hasa Volkswagen na pikapu zao. Wajapani wakatafuta tundu: wakaleta chesisi na kibanda bila kasha, kitu kilichohesabiwa kama gari ambalo halijakamilika na kutozwa asilimia 4 tu, kisha kasha likafungwa humohumo Marekani. Hata kampuni za Marekani ziliingia kwenye mchezo. Chevrolet LUV ya 1972 ilikuwa Isuzu, na Ford Courier ilikuwa Mazda. Tundu lilizibwa mwaka 1980, lakini kufikia hapo barabara za California zilikuwa zimejaa pikapu ndogo za bei nafuu, na kijana ambaye asingeweza kununua Impala aliweza kununua hii.

Na nyingi kati ya hizi kuzishusha mbele kulikuwa kama mchezo. Zilikuwa na zile nondo za kusokotwa, na kila nondo ina boliti ya kurekebishia kimo. Unaingia chini na spana, unalegeza mizunguko kadhaa upande huu, unahesabu sawasawa upande wa pili, gari limeshuka kabla chai haijapoa. Nyuma, springi za majani zilipita juu ya ekseli, basi zikahamishiwa chini yake. Waliokolea walifika mbali zaidi: walikata sakafu ya kibanda na kuinyanyua, ili bodi izame na kuimeza chesisi, mpaka mlango wa gari ukawa unagusa lami. Wengine waliweka haidroliki kwenye kasha badala ya magurudumu, likawa linanyanyuka, linainama na kuzunguka peke yake uwanjani kama ngoma ina mwenyewe. Hiyo ya mwisho sikuwahi kuielewa, lakini umati uliipenda.

Ndugu wa pikapu hizohizo, Toyota na Datsun, walishushwa melini Mombasa na Dar es Salaam wakaanza maisha mengine. Nairobi, baada ya Rais Jomo Kenyatta kuruhusu matatu rasmi mwaka 1973, pikapu zenye turubai au bodi ya bati na mabenchi mawili zilibeba watu hadi mlangoni. Hazikuhitaji mfuko wa mchanga kushuka.

Hewa ilikuwa imesubiri zamu yake kwa muda mrefu. Mabasi ya Greyhound aina ya Scenicruiser yalitoka mwaka 1954 yakikalia springi za hewa, na Cadillac ikajaribu kwenye Eldorado Brougham ya 1957, ikavuja, ikawachosha wenye magari, ikaachwa. Kwenye mabasi na matrela mpira ule mnene ulidumu. Miaka ya 1990 wenye pikapu ndogo waliuchukua kutoka huko: mfuko wa mpira mahali pa springi, kompresa, tangi, valvu na swichi. Ni tofauti kabisa na ule mfuko unaofumuka kwenye stelingi wakati wa ajali. Huu ni mlaini kuliko haidroliki, hauchafui sakafu kwa mafuta, na ukiutoa hewa yote pikapu inajiachia mpaka chesisi inagusa lami, ikitoa mkoromo mrefu kama ngamia anayepigishwa magoti.

Mafundi waliojifunzia hewa kwenye Mazda na Nissan walipopata fedha walirudi kwa C10 za baba zao. Pikapu ambazo miaka ya 1980 ziliuzwa kwa bei ya trekta bovu zikaanza kutafutwa hadi kwenye mabanda ya mashambani, zile za kasha fupi zikitangulia.

Sheria nayo ikachoka. Sacramento na San Jose zilifuta marufuku zao mwaka 2022. National City, mji wa karibu na San Diego uliokuwa na marufuku tangu 1992, uliifuta mwaka 2023. Oktoba mwaka huohuo Gavana Gavin Newsom alitia saini muswada namba 436 ulioletwa na mbunge David Alvarez: miji ikanyang'anywa mamlaka ya kukataza misafara ile, na kifungu cha 24008 kikafutwa. Kuanzia Januari 1, 2024, rimu ikawa rimu tu.

Ukisimama leo kando ya C10 iliyoshushwa kwa hewa, funika macho kwa kiganja kuzuia jua na utazame ndani ya kasha. Mbao zimepigwa msasa na vanishi mpaka unaona mawingu, zimetenganishwa kwa mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Sakafu imenyanyuliwa kupisha ekseli na zile nusu duara za chesisi, na chini yake tangi la hewa na kompresa vimechukua nafasi iliyosalia. Mwenye gari akitumwa saruji dukani, huazima gari la jirani.